Fulana Mbili Mwisho wa Shamba

Anayeandika ni binti yangu Zaina. Mimi nasema, yeye anaandika. Shule mimi niliiona kwa mbali, tena nilipita nikiwa juu ya trekta nikaipigia honi. Nimemwambia aandike kama ninavyosema, asininyooshee maneno, kunyoosha ni kazi yangu mimi. Akifika mahali anaona nimetia chumvi ananikazia macho, namwambia andika. Daktari kanikataza chumvi ya chakula, hii ya maneno hakuigusa.

Haya ni yenu nyie madereva wa matrekta mnaolima Makuyuni, Misima na kokote mnakoitwa na mvua. Rehema, utingo wangu wa zamani, ndiye kaniomba. Kasema, "Mzee, umeshastaafu, sema kitu kabla hujasahau." Mimi kusahau siwezi. Nakumbuka kila shamba nililolima, na kila mama aliyenipa uji katikati ya shamba, na yupi aliweka sukari. Mambo ya mishahara na nani alipandishwa cheo siyasemi. Kwenye trekta kuna kiti kimoja, cheo utapanda uende wapi?

Siku ya kwanza nilikuwa na miaka ishirini na kitu, nimetoka kwetu Misima, nguvu za ng'ombe dume na akili karibu hizohizo. Nikafika Korogwe kwenye karakana ya tajiri mmoja aliyekuwa na matrekta matatu. Nikamkuta Mzee Shemweta, Msambaa aliyeshuka mlimani kabla sijazaliwa na hakurudi tena kwa sababu alisema kule mashamba yamesimama wima, trekta linataka ngazi. Alikuwa mwembamba kama spoku.

Nikamwamkia, "Shikamoo mzee."

"Marahaba. Unaweza nini?"

"Naweza kila kitu, mzee."

"Basi kaa chini, huwezi kitu."

Nikakaa chini miezi mitatu. Nikawa utingo wake, yaani mtu wa kushika spana, kupaka grisi, kuchomoa visiki kwenye sahani za plau na kutukanwa. Alitukana kwa Kisambaa ili nisielewe, mimi nikanuna kwa Kizigua ili naye asielewe, tukaishi vizuri sana.

Siku aliyonipandisha kwenye kiti tulikuwa Misima, kwenye shamba refu. Akavua shati. Akavua na fulana yake ya ndani, nyeupe, nasema nyeupe kwa heshima yake, akaifunga kwenye mti mrefu, akanituma nikausimike mwisho wa shamba. Shamba lenyewe lilikuwa refu kiasi kwamba nilipofika kule nikakuta watu wanasalimiana kwa lugha nyingine. Nikarudi jasho linanitoka. Akasema:

"Wee Mzigua, tia akilini. Mstari wa kwanza ndio mama wa mistari yote. Ukipinda huo, shamba zima limepinda, na mwenye shamba ataongea mpaka mvua ikatike. Angalia fulana. Usiangalie usukani, usiangalie gurudumu. Na nyuma ndiyo usiangalie kabisa, hata ukiitwa. Hata akiita mama yako. Ukigeuza shingo, mikono nayo inageuka."

"Na kama kuna hatari nyuma?"

"Hatari ya nyuma umeshaipita. Endesha."

Nikaendesha. Nikaiangalia ile fulana mpaka nikaona matobo yake, moja karibu na kwapa, mawili tumboni. Nilipofika nikageuka. Jamani, ule mstari! Ungeweza kuanikia nguo. Mzee Shemweta akaja anatembea juu yake taratibu, mguu mmoja mbele ya mwingine. Alipofika hakunisifu. Akavaa fulana yake. Lakini jioni kule karakana nikamsikia akimwambia tajiri, "Huyu kijana ana uzi machoni." Kuanzia siku hiyo nikawa Athumani Uzi, mpaka leo Mzee Uzi. Jina langu la ukoo linajulikana na mke wangu na tume ya uchaguzi.

Mzee Shemweta alipochoka kazi aliniachia vitu viwili. Cha kwanza kuliendesha trekta jekundu la tajiri, ambalo nililiita Bi Mkubwa kwa sababu nililioa kabla ya kumuoa Mama Zaina, na Mama Zaina alilijua hilo na alikuwa akiliulizia hali kila jioni kama mke mwenza mwenye adabu. Cha pili, ile fulana. Alisema hana matumizi nayo. Kwa kweli haikuwa fulana tena, ilikuwa matobo yaliyoshikana mikono. Nikaiweka kwenye boksi la spana, nikaitumia miaka yote, maeneo ya Handeni na Korogwe, masika na vuli.

Kesi ngumu zilikuwa nyingi, nitasema moja. Kule Makuyuni, bondeni, udongo mweusi ukilowa unakuwa kama ugali uliokosa unga, na unameza. Siku moja Bi Mkubwa alimezwa mpaka kwenye taa. Tukaita watu, wakaja kama arobaini. Zaina ananitazama. Haya, kumi na watano. Akaja na mzee mmoja wa Kimasai na punda wake wanne, akatuangalia, akasema, "Nyie mnavuta huku matope yanavuta kule, na matope hayachoki." Akatuambia tukate majani ya mkonge tuyalaze chini ya magurudumu, mia na zaidi, migongo juu. Likatoka lenyewe kama mtu anayetoka msikitini. Sijui ufundi ule aliutoa wapi, yeye ni wa ng'ombe. Lakini nyie kariri: udongo mweusi, usiongeze moto wa injini, punguza, tia mkonge.

Rehema alikuja baadaye, mtu mzima tayari, ana watoto wawili na jembe lake la mkono. Alikuwa kibarua kwenye shamba nililokuwa nalima, akaacha palizi akaja akasimama mbele ya trekta. "Baba, shikamoo. Hii kazi naweza." Nikamuuliza, "Unaweza nini?" Akasema, "Sijui, sijajaribu." Nikasema huyu kanipita mimi, mimi siku yangu nilidanganya. Madereva wenzangu wakanicheka, Mzee Uzi kachukua utingo mwanamke, atampikia chai kwenye rejeta. Wale wote sasa hivi Rehema akipita wanamwamkia wao kwanza, na wengine anawazidi miaka mitano tu.

Sasa nifike kwenye jicho.

Ilikuwa tunalima kwa ajili ya vuli. Kama siku nne hivi kope la jicho langu la kulia likawa linashuka. Halinyanyuki. Linafunga duka polepole. Na kichwa kinauma upande huohuo, kidogokidogo, kama mtu anagonga mlango kwa adabu. Mimi nikafanya mzaha. Pale sokoni Makuyuni mama mmoja muuza nyanya akaniambia, "Mzee Uzi, mbona unanikonyeza, mkeo namjua." Nikamwambia jicho ndilo linakukonyeza, mimi mwenyewe nimetulia. Tukacheka wote. Hapo ndipo mimi mpumbavu. Nyie mkiona kope la mtu limeshuka ghafla na kichwa kinauma, msicheke. Mpandisheni gari, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo.

Siku ya tano nikiwa juu ya Bi Mkubwa, asubuhi jua bado halijawa kali, nikapigwa. Nasema nikapigwa kwa sababu niligeuka kutafuta aliyenipiga. Kama sururu kisogoni. Katika maisha yangu yote nimetia chumvi kwenye mambo mengi, hili nalipunguza. Nikakumbuka kukanyaga klachi. Kitu kingine sikumbuki isipokuwa sauti ya Rehema, "Baba! Baba Zaina! Zima! Zima!" akadandia akazima mwenyewe. Wananiambia nilipelekwa Korogwe kwa bodaboda, mimi katikati, Rehema nyuma ananishikilia kama gunia, nimetapikia mgongo wa yule mwenye pikipiki mpaka akasema shati analiacha hukohuko.

Korogwe hawakukaa na mimi. Nikapandishwa gari la wagonjwa, Zaina pembeni, mpaka hospitali kubwa Dar. Huko wakanipiga picha ya kichwa. Daktari mwenyewe kijana mdogo, angekuwa utingo wangu ningemtuma maji. Nilipopata akili akanieleza polepole.

"Mzee, kazi yako nini?"

"Dereva wa trekta."

"Vizuri. Tyubu ya tairi ikichakaa sehemu moja inafanyaje?"

"Inatoa kitumbo."

"Na kitumbo kikipasuka?"

"Unalala porini."

"Basi mshipa wako wa damu kichwani ulitoa kitumbo. Kikawa kinabana uzi mwembamba unaonyanyua kope na kuzungusha jicho. Halafu kikavuja. Tumepitisha kimrija huku pajani, tukapanda nacho mpaka kichwani, tukakijaza hicho kitumbo vijiwaya vyembamba kuliko nywele. Kimezibwa."

Nikamwambia, "Daktari, umeziba pancha ya kichwa kwa kupitia pajani?" Akasema ndiyo. Nikasema wewe njoo Korogwe, kuna matairi kule yatakupenda.

Halafu nikarudia neno lake, "Uzi?" Akanielewa vibaya, akadhani namuuliza ule wa kope. Mimi nilikuwa nawaza jina langu. Akasema, "Huo uzi umebanwa siku nyingi. Utapona taratibu, kwa miezi. Unaweza kurudi wote, unaweza kurudi nusu. Jicho lenyewe si bovu, kinacholiongoza ndicho kibovu. Na kope likinyanyuka, mzee, nisikilize vizuri, ndipo utakapoanza kuona vitu viwiliviwili, kwa sababu sasa hivi kope limekufunika. Ukiona hivyo ziba jicho moja, na usiendeshe chochote. Hata baiskeli. Umenisikia?"

Nikasema nimesikia. Masikio yangu hayakuwa na tatizo lolote.

Pale wodini niliona na vidudu vyeusi vinaelea kwenye jicho lile la kushoto, mchana kweupe, nikawa napiga makofi hewani kuua mbu. Mgonjwa wa kitanda cha pili akamwita nesi, akamwambia huyu mzee anashangilia mpira ambao haupo. Nesi akasema ni damu kidogo iliyofika kwenye jicho, itaondoka. Ikaondoka kweli, mbu mmoja mmoja.

Nikarudi nyumbani. Jamani, msinione nacheka hapa. Miezi ile nilikaa kwenye kiti nje ya mlango wangu Korogwe na jicho moja, namsikiliza Bi Mkubwa akipita barabarani na Rehema juu yake. Namjua kwa mlio. Gia ya tatu alikuwa anakohoa kidogo, mimi peke yangu nilijua namna ya kumpa ili asikohoe, unaachia klachi kama unamlaza mtoto. Nikisikia amekohoa nasema moyoni, Rehema, taratibu. Mvua ya kwanza ya vuli ikanyesha, ile harufu ya vumbi linalozimwa ikaja mpaka pale kwenye kiti, nikajikuta mguu wa kushoto unakanyaga chini. Hakuna klachi pale, kuna kandambili. Mama Zaina akaniona, akajifanya hakuniona, akaenda kuchota maji wakati ndoo zote zilikuwa zimejaa.

Asubuhi moja kope likanyanyuka. Kwanza kidogo kama mlango wa duka la mtu mvivu, baada ya wiki mbili jicho wazi. Nikamwita Mama Zaina kwa furaha. Akaja. Wakaja wawili. Wamevaa khanga ileile, mmoja amesimama sawa, mwingine ameinamia pembeni juu kidogo kama anachungulia ukuta. Wote wakasema, "Alhamdulillahi, limefunguka!" Daktari alinionya neno kwa neno na nikaliona neno lake limesimama mbele yangu limevaa khanga.

Sikusema. Hilo ndilo kosa langu na nimemwambia Zaina aliandike kwa kalamu iliyokolea. Watu walikuja kunipongeza, tajiri akaja, Rehema akaja na kuku, yaani mimi nikaona kuku wawili nikashukuru zaidi. Nikawaambia nimepona. Nikajifunza ujanja. Kikombe cha chai nakishika kwa kupapasa kwanza. Mtu akinipa mkono nasubiri aniguse yeye. Nikiwa peke yangu naziba jicho, dunia inarudi moja, tulivu. Mtu akija naachia, dunia inazaa mapacha. Niliogopa kitu kimoja tu. Niliogopa kwamba nikisema, hakuna atakayenipa ufunguo tena.

Kabla ya masika tukaitwa Misima, shamba la Bi Mwanahawa, lilelile refu nililojifunzia, mjane ninayemlimia tangu mumewe yupo. Kulia kwake kuna Mzee Salimu Semkiwa, na mpaka wao ni mstari wa mikonge, na ng'ambo ya mikonge ulikuwepo muhogo wa Mzee Salimu umesimama vizuri. Rehema ndiye alikuwa dereva siku hiyo. Nikamwambia, "Mstari wa kwanza niachie mimi."

Akaniangalia. "Baba, una uhakika?"

"Nimekufundisha mimi au umenifundisha wewe?"

Akashuka. Akaenda mwenyewe kusimika mti wenye fulana, akarudi akasimama nyuma. Nikapanda. Nikashika usukani, mikono ikatulia kama imefika kwao. Nikasema bismillahi, nikaangalia mwisho wa shamba.

Fulana mbili.

Zote nyeupe, zote zina matobo, zote zinapepea kwa upepo uleule. Moja imesimama, moja imejitenga kulia juu kidogo. Ningeziba jicho ningejua sekunde hiyohiyo. Lakini Rehema alikuwa nyuma, na Bi Mwanahawa, na watoto wake na majirani, na Mzee Uzi hajawahi kuziba jicho. Nikasema, ya kulia inaonekana safi zaidi, fulana ya Mzee Shemweta haiwezi kuwa safi, basi ni ya kushoto. Halafu nikasema, lakini Rehema huwa anafua vitu. Nikachagua ya kulia. Hivyo ndivyo nilivyochagua, msiniulize zaidi.

Nikaachia klachi. Bi Mkubwa hakukohoa. Wallahi hakukohoa, alinijua. Udongo ukawa unafunguka nyuma yangu ile sauti yake, na mimi macho kwenye fulana, na fulana kila nikiikaribia inasogea kulia kidogo, na mimi naifuata, inasogea, naifuata. Nyuma nikasikia naitwa. "Baba!" Nikasikia tena, "Baba, simama! Mzee! Mikonge! Mikonge!" Na Bi Mwanahawa anapiga yowe. Nami nilifanya kama nilivyofundishwa. Sikugeuka. Hata kama ni mama yangu. Nilifurahi, nataka mjue hivyo. Ile miezi yote kwenye kiti nilikuwa nangoja hiyo dakika, na ilipokuja ilikuwa tamu kuliko nilivyoikumbuka, na nilikuwa nalima muhogo wa watu.

Nilishtuka mkonge ulipokwaruza kitovu cha gurudumu. Nikapiga breki. Nikageuka, mara ya kwanza katika maisha yangu nikiwa kwenye mstari wa kwanza. Nyuma yangu palikuwa na mstari umepinda kama mkia wa chatu, umetoka kwa Bi Mwanahawa, umevunja mpaka, umeingia kwa Mzee Salimu. Nikatia gia ya nyuma kwa haraka na aibu, na katika kupapatika nikapita na ule mti wa kweli, ambao kumbe nilishaupita kushoto, fulana ikaingia chini ya sahani. Ilizikwa hapohapo. Tulichimba tukapata mkono wake mmoja.

Mzee Salimu akaja na panga lake la shambani, amesimama anaangalia muhogo. "Mzee Uzi," akasema, "muhogo ulikukosea nini? Ungeniambia, ningeuchapa mwenyewe."

Watu wakacheka. Mimi nikajaribu kucheka nao. Rehema hakucheka. Alikuja mpaka kwenye ngazi ya trekta, akanyanyua mkono.

"Baba. Vidole vingapi?"

Nikaviangalia. Nikavihesabu kwa makini kama mtihani wa shule ambayo sikuisoma. "Vinne."

Alikuwa amenyanyua viwili.

"Tangu lini?"

"Tangu lilipofunguka."

"Na mimi ningekuwa nimesimama pale kwenye mti? Au mtoto wa Bi Mwanahawa? Ungemchagua wa kulia au wa kushoto?"

Hakupiga kelele. Angepiga kelele ningepata cha kujibu. Nikazima Bi Mkubwa, nikachomoa ufunguo, nikampa. Nikapapasa kwanza mkono wake upo wapi, maana siku hiyo hata mikono ilikuwa minne. Nikashuka nikakaa kwenye mpaka, kwenye mkonge uliolala. Mzee Salimu akakaa pembeni yangu. Akaniuliza, "Kwa hiyo mimi unaniona wawili?" Nikamwambia ndiyo. Akasema, "Pole sana, mmoja mwenyewe ni mzigo." Ule muhogo uliovunjika akanipa robo, akasema umeuvuna mwenyewe. Tulikula muhogo nyumbani siku arobaini. Zaina, andika arobaini.

Nikarudi Dar. Daktari akanipima, akanipa miwani yenye kioo kizito upande mmoja, inasaidia nikiangalia mbele sawa na nimetulia. Nikigeuka au nikichoka vitu vinajigawa tena. Akasema kilichorudi kimerudi, kilichobaki huenda kikabaki. Sikumwambia habari ya muhogo. Nadhani aliijua, kuna namna alivyoniangalia. Nikamuuliza mara moja tu, "Trekta?" Akasema, "Mzee wangu, hapana." Nikamshukuru. Alikuwa na miwani yeye pia, nikaona na yeye dunia haijamnyookea.

Basi nikastaafu. Walinifanyia pilau. Sitaki kuisimulia, mtu aliyenipa zawadi alilia na mimi nikamwambia utani mbaya.

Masika yaliyofuata Rehema akaja nyumbani asubuhi. Tajiri ameshampa Bi Mkubwa. Akaniambia, "Shikamoo baba. Vaa kanzu yako ya Ijumaa."

"Marahaba. Kuna msiba?"

"Kuna shamba. Misima kwa Bi Mwanahawa. Fulana uliizika, mimi sina shabaha."

"Funga khanga."

"Khanga ina maua. Nataka kitu cheupe na nataka kijue kusimama."

Mama Zaina akaipiga pasi ile kanzu. Nikakaa kwenye ubao wa trela mpaka Misima. Pale nikatembea shamba lote kwa mguu, lile refu, na safari hii halikuwa na watu wa lugha nyingine, lilikuwa na mimi tu na mikonge aliyoipanda upya Mzee Salimu, midogo, imesimama kwa adabu. Nikafika mwisho. Nikageuka. Nikasimama.

Niliivua miwani. Nilitaka kuona kwa macho yangu niliyonayo.

Kule mbali matrekta mawili mekundu yakawashwa. Yakaanza kuja. Moja chini, moja kulia juu kidogo, yote yanapumua moshi, yote yana mtu amekaa wima, macho mbele, hageuki. Gia ya tatu. Halikukohoa. Nikaukanyaga udongo kwa mguu wa kushoto na hakuna aliyeniona. Yakaja, yakaja, udongo unafunguka, mpaka nikalisikia joto la rejeta usoni. Moja likasimama hatua nne mbele yangu.

"Baba, sogea! Nigeuze!"

Nimesimama.

"Baba, mbona husogei?"

"Nasubiri la pili lipite."

Rehema akacheka. Halafu akaacha kucheka. Akazima injini, akashuka, akaja kusimama pembeni yangu, tukaangalia alikotoka. Nikaziba jicho la kulia kwa kiganja, mbele za watu wote, nikakagua. Mstari mmoja, kutoka kwenye miguu yangu mpaka kule kwa Bi Mwanahawa, ungeweza kuanikia nguo.

Nikaondoa kiganja. Mistari miwili, na yote imenyooka.

"Umeonaje, baba?"

Nikamwambia, "Mmoja ni wako."

Hakuuliza wa pili ni wa nani. Akapanda, akawasha, nikasogea apite.